Mzigo wa Kijana Mrefu

Jaribu, msomaji, kujiweka mahali pa kijana wa miaka 18 ambaye mitihani yake ya mwisho ya shule ingali mbele yake. Ni tarehe 8 Juni 2009, katika mji wa Melbourne, Australia. Ni Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Malkia, na uwanja mkuu wa mji umejaa watu makumi ya maelfu. Kijana huyo, Jack Watts, ana urefu wa sentimita 196, na mwili wake ni mwembamba kama ulivyo mwili wa kila mtu aliyerefuka upesi. Hajapata kucheza hata mara moja katika ligi kuu. Mara mpira wa kwanza unapomfikia, wachezaji watatu wa klabu ya Collingwood wanamvamia kwa pamoja na kumwangusha chini. Picha ya tendo lile ilimfuata miaka mingi. Wengi walimcheka, wachache walijiuliza ni nani aliyemweka pale, na kwa nini upesi hivyo. Swali la hao wachache ndilo nitakalo tulifuate, maana jibu lake limo katika historia ya mchezo wenyewe.

Mpira wa Kiaustralia si kandanda uijuayo. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859 na watu wa Klabu ya Melbourne, mmoja wao akiwa Tom Wills. Uwanja wake ni wa mviringo kama yai, na mpira nao ni wa umbo hilo. Kila upande una wachezaji 18, nao huruhusiwa kutumia mikono na miguu. Kila mwisho wa uwanja husimama milingoti minne: mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya miwili ya katikati ni bao, lenye pointi 6, ukipita pembeni ni pointi 1 tu. Na mchezaji akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mbali, kabla haujagusa chini wala mtu mwingine, hupewa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa. Hapo utaona mara moja thamani ya urefu. Mshambuliaji awezaye kudaka juu ya vichwa vya walinzi, karibu na milingoti, ni hazina ya klabu.

Hazina hiyo ilipata jina mwaka 1949, alipotokea John Coleman wa klabu ya Essendon. Siku yake ya kwanza alifunga mabao 12, na msimu wake wa kwanza mabao 100. Kwa kipimo cha leo hakuwa mrefu sana, lakini aliruka kana kwamba ardhi ilimchukia. Goti lake liliumia mwaka 1954, na mchezo wake ukaishia hapo, akiwa na mabao 537 katika mechi 98. Nishani ya mfungaji bora wa kila msimu ina jina lake. Tangu siku zake, kila klabu yenye njaa imekuwa ikimtafuta Coleman mwingine, na matumaini hayo yamewaelemea vijana wengi ambao hawakuwa Coleman.

Kumpata kijana wa namna hiyo zamani kulitegemea sana bahati ya ardhi. Mwaka 1968 ligi ya Victoria iliigawa nchi iliyo nje ya mji mkuu kwa klabu zake 12, kila moja ikapata kanda yake. Kijana aliyezaliwa katika kanda ya klabu fulani alikuwa wa klabu hiyo. Kanda hazikuwa na rutuba sawa. Hawthorn walipata rasi ya Mornington, wakavuna humo wachezaji hodari, nao wakatwaa ubingwa mwaka 1971, 1976 na 1978. Klabu nyingine zililalamika, wala hazikulalamika bure. Kwa hiyo, mwaka 1986, ulianzishwa uteuzi wa zamu: klabu iliyoshika mkia wa ligi huchagua kwanza miongoni mwa vijana wote wapya, na bingwa huchagua mwisho. Kanda za mashambani zikafutwa. Mwaka 1990 ligi yenyewe ilichukua jina la Ligi ya Mpira ya Australia, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka ya Victoria.

Kanuni hii ni ya haki, nami sitaki kuibeza. Lakini kwa mshambuliaji mrefu ina mtego. Yeye hauchukui mpira katikati ya uwanja. Huungoja mbele, aletewe na wenzake. Katika klabu dhaifu mpira haumfikii ila kwa nadra, tena huja juu na polepole, walinzi wawili au watatu wamekwisha kumzunguka. Walinzi hao ni watu waliokomaa, nao humsukuma kwa viuno na mabega kabla hajaruka. Kijana mfupi mwepesi huweza kukimbia akajiponya. Mrefu hana pa kujificha. Mifupa yake hurefuka kwanza, na nyama huja baadaye, pengine baada ya miaka minne au mitano. Basi ndiye ahitajiye muda kuliko wote, naye hupelekwa kwa watu wasio na subira hata chembe. Nadhani hata kwenu shuleni mwanafunzi mrefu huitwa kwenye mpira wa wavu kabla hajaulizwa kama anaupenda.

Melbourne walikuwa wa mwisho mwaka 2008. Wakamchagua Watts kabla ya wote. Mwaka 2009 walikuwa wa mwisho tena. Katika miaka yake tisa ya kuichezea klabu hiyo alifundishwa na makocha sita, tukiwahesabu na wale wa muda, na kila kocha alikuja na fikira zake juu ya mahali pa kumweka.

Sasa mtazame Tom Hawkins. Yeye aliingia Geelong mwaka 2006 kwa sababu baba yake aliichezea klabu hiyo, maana ipo kanuni ya kuwapendelea wana. Geelong ilikuwa karibu kuwa timu bora nchini: ilitwaa ubingwa mwaka 2007, 2009 na 2011. Hata hivyo Hawkins alitaabika. Mwaka 2007 hakuwamo katika fainali, na hata mwaka 2011, msimu wake wa tano, alipata kuachwa nje ya timu. Ndipo katika fainali ya mwaka huo huo alipofunga mabao matatu, na watu wakanyamaza. Alistaafu mwaka 2024 baada ya mechi 359 na mabao 796. Kama kijana huyo alihitaji miaka mitano akiwa mikononi mwa mabingwa, tumdai nini aliyeangukia mikono ya walioshindwa?

Utaniuliza: je, hakuna klabu dhaifu iliyofaulu? Ipo. Mwaka 2004 Hawthorn walichagua wa pili Jarryd Roughead, na wa tano Lance Franklin, wote warefu. Walinzi hawakuweza kuwazingira wote wawili, na mzigo wa lawama nao uligawanyika. Mwaka 2008 Franklin alifunga mabao 113 na Roughead 75, Hawthorn wakawa mabingwa. Franklin alistaafu mwaka 2023 na mabao 1,066.

Tom Boyd hakuwa na mwenzi wa namna hiyo. Alichaguliwa wa kwanza mwaka 2013 na klabu changa ya Greater Western Sydney. Baada ya msimu mmoja tu akahamia Western Bulldogs kwa mkataba wa miaka saba uliovuma kwa ukubwa wa fedha zake. Katika fainali ya 2016 alifunga mabao matatu, na klabu ikapata ubingwa ilioungoja tangu 1954. Mei 2019, akiwa na miaka 23, aliacha mchezo na kusema waziwazi kwamba moyo wake ulikuwa umechoka na akili yake imeteseka.

Na Watts? Tarehe 12 Juni 2017, katika sikukuu ile ile, kwenye uwanja ule ule, dhidi ya Collingwood wale wale, alifunga katika dakika za mwisho bao lililoipa Melbourne ushindi wa pointi nne. Oktoba ya mwaka huo klabu ikamwachia aende Port Adelaide.