Presha, Chumvi na Figo: Historia ya Magharibi mwa Kenya

Wengi husema, "Presha ni ya ukoo, haina dawa." Historia ya upande wetu huu yaonyesha mambo mengine.

Mwaka wa 1929, daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kisii, alichapisha vipimo vya presha vya watu 1,000. Hakupata ugonjwa wa presha, hata kwa wazee.

Mwaka wa 1990, Neil Poulter na wenzake walitoa utafiti kuhusu Waluo waliohama vijijini, karibu na Ziwa Victoria, wakaenda Nairobi. Ukoo ulikuwa ule ule, lakini miezi michache tu baada ya kuhama, presha yao ilizidi ya wenzao waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo.

Kwa nini chumvi? Figo hutoa kitu kiitwacho renini, ambacho hupandisha presha mwili ukipungukiwa na chumvi na maji. Lakini kuna watu, na Waafrika wengi ni miongoni mwao, ambao figo zao hushikilia chumvi. Maji huongezeka katika damu, presha hupanda, na renini hushuka kwa sababu haihitajiki. Kwa wengine, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ya aldosteroni kupita kiasi, nayo huzuia chumvi isitoke.

Ndiyo sababu dawa si moja kwa wote. Mwaka wa 2019, utafiti wa nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba mchanganyiko wenye amlodipini ulishusha presha vizuri kuliko usio nayo. Mwenye aldosteroni nyingi huenda akapewa spironolaktoni. Daktari ndiye wa kuamua. Usiazime tembe za jirani. Na wewe mjamzito, mweleze daktari mapema, kwani baadhi ya tembe hizi hudhuru mtoto tumboni.

Jikoni nako kuna kazi. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isifike kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na vyakula vya pakiti. Magadi ya mboga pia yana sodiamu.

Mgonjwa wako akipata nafuu, asiache tembe. Presha haiumi, lakini huleta kiharusi. Mpeleke akapimwe wiki hii.