Viza ya muda mrefu ya Schengen

Viza ya muda mrefu ya Schengen (pia: viza ya kitaifa au viza D) ni kibali cha kuingia na kukaa zaidi ya siku 90 katika nchi mojawapo ya eneo la Schengen barani Ulaya, kwa mfano kwa ajili ya masomo, kazi au kuungana na familia.

Ni tofauti na viza C, ambayo ni ya ziara zisizozidi siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Viza C hufuata kanuni za pamoja za Schengen, lakini masharti ya viza D hupangwa na sheria za kila nchi. Hivyo ushauri unaomfaa anayekwenda Ufaransa unaweza kumpotosha anayekwenda Ujerumani.

Bima

Mwombaji wa viza C anatakiwa kuwa na bima ya safari ya angalau yuro 30,000. Bima hiyo hulenga dharura, na kwa kawaida haimtoshi mkazi. Nchini Ujerumani haikubaliwi kwa kujiandikisha chuo kikuu: mwanafunzi huleta uthibitisho wa bima ya afya ya umma, au wa kusamehewa bima hiyo.

Taarifa rasmi

Orodha ya hati zinazotakiwa hutolewa na ubalozi au konseli ya nchi husika. Kampuni zinazopokea maombi kwa niaba ya ubalozi hazina mamlaka ya kutoa wala kukataa viza. Masuala ya bima huulizwa chuo au mwajiri kabla ya kulipa.