Usukani ulitengenezwa, watu wakabaki: msafara wa meli kutoka Léopoldville, 1887

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mutu aliyewahi kusafiri kwa mto anajua: vyombo vinatoka pamoja bandarini, na katikati ya njia kimoja kinaharibika. Tunafanya nini? Tunangoja wote? Tunakivuta? Ama wenye nguvu wanaendelea, na wale wengine wanaambiwa “tutarudi”?

Swali hili lina historia ndefu hapa kwetu, na mfano wake mkubwa ninaoujua ni wa mwaka 1887. Shuleni tulifundishwa Stanley kama mutu wa kupita tu: aliingia, alitoka, akapewa jina la Bula Matari. Namna meli zake zilivyoharibika, na nani alilipa, ile hatukufundishwa.

Kwanza tuelewe safari yenyewe. Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ekwatoria kwa niaba ya Misri, alikuwa amefungiwa upande wa Ziwa Albert, karibu na Ituri yetu ya leo. Uingereza wakakusanya pesa za kumwokoa, na kazi wakampa Stanley. Ukiangalia ramani, njia fupi inaanzia pwani ya mashariki. Lakini Stanley alikuwa bado mutu wa Mfalme Leopold II, na Leopold alitaka msafara upite katika Dola Huru la Kongo. Kwa hiyo mwezi wa pili 1887 Stanley alichukua Zanzibar wapagazi zaidi ya 600, akawapandisha katika meli Madura, wakazunguka Afrika yote kwa kusini mpaka Banana. Ndani ya meli hiyo alikuwamo pia Tippu Tip na watu wake, kwa kuwa alikuwa amekubali kuwa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani, kwa jina la Leopold.

Kwa nini mzunguko mrefu namna hiyo? Jibu ni meli. Leopold aliahidi kwamba juu ya maporomoko vyombo vya Dola vitakuwa tayari. Ukiwa na meli za mvuke, mto unakubeba mpaka ndani kabisa ya nchi, na mapagazi hawachoki. Mpango wote ulisimama juu ya ile ahadi.

Msafara ulifika Léopoldville tarehe 21 Aprili 1887, na hapo ukweli ukaonekana. Meli ya Dola iliyoweza kutembea ilikuwa moja, Stanley. En Avant ilikuwa haina mashine, mwili mtupu. Florida, ya kampuni ya Sanford, ilikuwa haijakamilika, nayo haina mashine. Chakula pia kilikuwa kidogo sana. Watu karibu 800 wanafika kwa siku moja mahali ambapo kwanga haitoshi hata wale waliokuwapo: hakuna nafasi ya kungoja mafundi. Njo maana Stanley alizigeukia meli za wamisionari. Wabaptisti wa Uingereza walikuwa na Peace, ile aliyoiunganisha Grenfell mwaka 1884, baada ya vipande vyake kubebwa na watu kwa kichwa kupita maporomoko. Misheni nyingine ilikuwa na Henry Reed. Peace ilitolewa bila ugomvi mkubwa. Mwenye Henry Reed alikataa, na mwisho wakubwa wa Dola wakaingia kati, nayo ikachukuliwa kwa kukodi.

Tarehe 1 Mei wakatoka. Meli tatu zenye mashine, na tishari (ile sisi tunaita barji) pamoja na mashua zimefungwa ubavuni ama nyuma. Stanley ilivuta Florida. Kila kitu kilijaa watu, punda na masanduku.

Na hawakufika mbali. Ile siku ya kwanza, Peace, ambayo mukubwa mwenyewe alikuwa ndani yake, ilipambana na mkondo mkali, na usukani wake wa chuma ukakatika vipande viwili. Nanga zikatupwa, zikanasa kati ya mawe, meli ikalala upande. Ikabidi minyororo ikatwe, na Peace ikaelea nyuma mpaka bandari ilikotoka. Mafundi walifanya kazi mpaka usiku. Kesho yake ikatoka tena.

Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Hiki kilikosa usukani na hakikuzama, kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kazi na kulikuwa na bandari karibu. Hata hivyo Peace iliendelea kuwa mgonjwa wa msafara. Mvuke ulishuka kila mara, ikabidi isimame, isafishwe, ipakwe mafuta, na wengine wako mbele. Kila jioni vikundi vya wanaume walishuka na shoka kukata kuni za kesho, mara nyingi gizani. Bila kuni hata meli nzima haitembei.

Baadaye, kabla ya kufika Bolobo, ikawa zamu ya Stanley, chombo kikubwa kuliko vyote. Iligonga mwamba, ribiti zikatoka, maji yakaingia. Angalia sasa walivyofanya, kwa sababu hapa wanastahili heshima. Mafundi wa meli mbili walikutana kwenye chombo kimoja. Walikata mabati kutoka mapipa ya zamani ya mafuta, wakayafunga juu ya matundu kwa boliti, na meli ikarudi mtoni. Karakana haikuwapo, vipuri havikuwapo. Kwa lugha ya leo tungesema walijipanga. Mimi ninaona hapo faida ya kusafiri pamoja: fundi wa chombo kimoja ni fundi wa vyote, na pipa tupu la huyu ni dawa ya yule.

Basi kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya ufundi. Lakini meli kuharibika ni jambo moja, na meli kutotosha ni lingine. Vyombo vilivyobaki havikuweza kubeba wote. Bolobo, ambako chakula kilipatikana, waliachwa watu zaidi ya mia moja, wale walioonekana dhaifu, na wazungu wawili wa kuwasimamia. Sehemu ya mizigo ilikuwa imeachwa Léopoldville tangu mwanzo. Meli zikapanda Ekwatori (Mbandaka ya leo), zikapita Bangala, zikaingia mto Aruwimi, na katikati ya mwezi wa sita zikafika Yambuya, chini ya maporomoko, mahali meli haipiti tena.

Hapo Stanley akagawa msafara mara ya pili. Tarehe 28 Juni 1887 aliingia msituni na watu 389, wenye nguvu. Nyuma alimwacha Meja Barttelot na wagonjwa, wachovu na mizigo. Wale wa Bolobo waliletwa na meli mwezi wa nane, kisha meli ikashuka, na kambi ikabaki bila chombo chake. Amri ilikuwa hivi: mungoje mapagazi 600 ambao Tippu Tip ameahidi, kisha mutufuate. Mapagazi wakikawia? Mutaona wenyewe. Tippu Tip alikawia karibu mwaka mzima, na alipoleta watu, hawakufika idadi iliyosemwa.

Sasa naomba niingie katika fani yangu kidogo, kwa sababu mimi nilisoma agronomia, na kambi ya Yambuya haieleweki bila muhogo.

Yambuya kulikuwa na mashamba ya muhogo, tena makubwa. Mutu anayesoma haraka anajiuliza: walikufaje na chakula kiko pale? Muhogo ule ulikuwa muchungu. Ndani ya muhogo muna kitu kinachoitwa linamarini. Ukikata ama ukikwaruza mzizi, kinavunjika na kutoa sianidi, na hiyo ni sumu. Katika aina tamu sumu ni kidogo, unaweza kuchemsha ukala. Katika aina chungu kuchemsha peke yake hakutoshi. Lazima umenye, uloweke majini siku tatu ama ine mpaka ulainike, uukaushe, ndipo utwange unga. Mama zetu wanafanya vile bila kutaja jina la kemikali yoyote. Watu wa Zanzibar walizoea muhogo mtamu. Stanley mwenyewe aliporudi aliandika kwamba muhogo usiolowekwa uliwaua wengi.

Lakini angalia ni nani angeweza kuwafundisha. Walipofika Yambuya, wenyeji hawakukubali wageni wakae. Meli zikapiga filimbi za mvuke, watu wa Stanley wakapanda ukingo na bunduki, kijiji chote kikakimbilia porini. Wageni wakapata nyumba na mashamba kwa siku moja. Walichofukuza ni wanawake waliojua namna ya kuuandaa ule muhogo. Baadaye kambi ilifika hata kuwakamata wanawake ili waume wao walete chakula kama fidia. Ujirani wa namna hiyo haufundishi mutu kuloweka muhogo. Mimi naona hapo sumu ya kwanza, kabla ya ile ya linamarini.

Mengine yanajulikana. Viboko vilizidi, magonjwa pia. Msafara wa nyuma uliondoka Yambuya mwezi wa sita 1888. Barttelot aliuawa kwa risasi tarehe 19 Julai. Mwenzake Jameson alikufa kwa homa mwezi uliofuata. Stanley aliporudi kuwatafuta, tarehe 17 Agosti 1888, aliwakuta Banalya. Kati ya watu 271 wa msafara wa nyuma, waliobaki naye pale hawakufika nusu.

Kwa miaka mingi Uingereza walibishana: kosa ni la Barttelot, la Stanley, ama la Tippu Tip? Vitabu viliandikwa na kujibiwa na vitabu vingine. Wale wapagazi, waliozungumza Kiswahili kama hiki ninachoandika, hawakuulizwa. Majina ya meli yote tunayo. Ya wengi waliozikwa Yambuya hatuna.

Jibu langu mimi si la kutafuta mutu mmoja wa kubeba lawama. Nasema hivi: ule msafara ulikuwa na mpango wa kutengeneza chuma, haukuwa na mpango wa kutunza waliobaki. Kwa usukani kulikuwa na fundi, vifaa na muda wa kazi: usiku mmoja. Kwa walioachwa kulikuwa na ahadi ya mutu wa tatu, hakuna siku ya mwisho, hakuna chombo, na chakula ambacho hakuna aliyejua kukiandaa. Meli iliyogonga mwamba ilikusanya mafundi wote. Mutu aliyeugua alitengwa na wagonjwa wenzake, mahali pamoja.

Mutaniambia: kugawana kulikuwa lazima, meli hazikutosha. Nakubali. Hata leo kati ya Kinshasa na Kisangani, kilometa karibu 1,700, chombo kikikwama juu ya mchanga ama mashine ikilala, mara nyingine wengine wanalazimika kuendelea, kwa sababu bidhaa zinaoza na kuna wagonjwa. Kuachana si dhambi. Swali ni mulipatana nini kabla ya kutoka. Nani anabaki, na kwa nini yeye? Anabaki na fundi, ama na mizigo tu? Chakula kilichopo pale anajua kukiandaa? Wenyeji wa ukingo ni rafiki ama tumewaibia? Tunarudi siku gani, na tusiporudi ile siku, ana ruhusa na njia ya kuondoka?

Tunajua ile kawaida ya kupeleka wenye nguvu mbele na kuwaacha dhaifu pamoja. Inaonekana ni akili, maana mbele njo kwenye hatari. Yambuya inatuonyesha kinyume. Anayebaki bila chombo anahitaji mtu hodari kuliko anayeendelea, kwa sababu anayeendelea angalau anatembea. Kama Stanley angeacha pale hata watu kumi wazima wanaojua shamba, na kijiji ambacho hakikufukuzwa, muhogo ule ule uliowaua ungewalisha.

Bandugu, wengi wetu tunaanza kazi kwa vikundi: shamba la pamoja, ushirika, duka la mbegu, chombo kimoja cha kupeleka mazao sokoni. Mashine itaharibika, hilo si la kujiuliza. Kabla ya kugawana faida, tuandike kwanza kwenye karatasi nani anabaki na kilichoharibika, na tunamwachia nini.