Amakiro na Maswali Kumi ya Edinburgh

Katika Luganda kuna jina la maradhi ya akili yanayompata mama baada ya kujifungua: amakiro. Inasimuliwa kwamba mama huyo huchanganyikiwa, humkataa mtoto, hata hutaka kumla. Sababu inayotajwa mara nyingi ni uzinzi wakati wa ujauzito. Hivyo mgonjwa huugua na kuhukumiwa papo hapo.

Wakati wa ukoloni, J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Aliwatazama hasa waliofikishwa hospitalini. Lakini ni mama gani angejipeleka huko akijua ataulizwa alilala na nani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari Mwingereza wa maradhi ya akili, John Cox, alifanya kazi Makerere. Yeye hakuwasubiri wagonjwa. Alikwenda Kasangati, kaskazini mwa Kampala, akawahoji wajawazito kisha akawafuatilia walipojifungua. Takriban mmoja kati ya kumi alikuwa na sonona. Baadaye alipowalinganisha na akina mama wa Scotland, tofauti haikuwa kubwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo hoja ya Carothers ilipoanguka, ingawa vitabu vyetu vya historia havikutaji Kasangati.

Mwaka 1987 Cox, Jenifer Holden na Ruth Sagovsky walichapisha dodoso la Edinburgh, ambalo leo linatumika katika nchi nyingi, likiwa limefasiriwa kwa Kiswahili pia. Lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. Haliulizi juu ya uchovu, kwani mzazi gani hachoki? Kwa kawaida mama huulizwa wiki kadhaa baada ya kujifungua, kwa sababu machozi ya siku ya tatu hadi ya tano huwapata wengi na hukoma yenyewe ndani ya wiki mbili. Yasipokoma, mama akakosa hamu ya kila kitu au akawaza kujidhuru, huo ni ugonjwa na unatibika.

Swali la tatu linauliza kama mama amejilaumu bila sababu. Nimejaribu kulifasiri kwa Luganda na limenishinda. Maneno ninayo, ila sijui mama aliyekulia kwenye masimulizi ya amakiro ataelewaje hayo maneno mawili ya mwisho, "bila sababu".