Msanifu majengo wa Majengo alikuwa nani?

UKIMWULIZA mkazi wa Nairobi akutajie jengo lililosanifiwa vizuri, yamkini atakuonyesha Jumba la Mikutano la KICC. Hatakuwa amekosea. Jumba hilo lililofunguliwa mwaka wa 1973 lina wasanifu wanaojulikana kwa majina: Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso wa Kenya. Sasa mwulize mtu huyo huyo ni nani aliyesanifu nyumba za Majengo, kule Pumwani, hatua chache kutoka soko la Gikomba. Atakushangaa. “Zile za udongo? Si watu walijijengea tu!”

Neno hilo dogo, ‘tu’, ndilo ninalotaka tulijadili leo, msomaji mpendwa. Linabeba hukumu nzito. Linasema kwamba kuna kujenga na kuna kusanifu, na kwamba watu wa Gikomba, Majengo na Shauri Moyo wamejua kujenga bila kuwahi kusanifu. Kila msimu wa tuzo za ujenzi unapofika, hukumu hiyo hurudiwa kimyakimya: fomu ya kuingia shindano huuliza jina la msanifu, na nyumba isiyo na jina la msanifu haina mlango wa kuingilia.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi ‘sanifu’ tulikipata kutoka Kiarabu, katika mzizi unaohusu kupanga vitu kwa aina na kutunga maandishi. Katika Kiswahili cha zamani, kusanifu kulikuwa kutunga au kubuni jambo kwa ustadi, na mtunzi wa shairi aliweza kusemwa amesanifu. Hakuna mahali ambapo neno hilo lilidai karatasi, muhuri au digrii. Lilidai ustadi na fikra. Maana ya ‘msanifu majengo’ kama mtaalamu aliyesajiliwa ilikuja baadaye, pamoja na ofisi na vyuo. Hapa Nairobi, mafunzo ya usanifu majengo yalianza katika miaka ya 1950 katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, nacho Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya, AAK, kiliundwa 1967. Wakati huo, nyumba za Majengo zilikuwa zimekwisha kukaliwa kwa zaidi ya miaka 40.

Ili tuzielewe nyumba hizo, inatubidi tusome majina. Mitaa ya Eastlands ni kamusi ya historia ya ujenzi. Kariokor inakumbusha kikosi cha wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, jina lile lile lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam. Gorofani ni mahali pa magorofa. Bondeni ni bondeni. Majengo ni majengo: jina la kawaida lililogeuka kuwa jina la pekee. Na kabla ya mitaa hiyo, Waafrika wa Nairobi waliishi katika vijiji vyao wenyewe vilivyoitwa Mombasa, Maskini, Kaburini, Kileleshwa na Pangani. Hebu sikiliza hayo majina. Mji wa bara, lakini waliokuja kuujenga walikuja na pwani midomoni mwao.

Serikali ya kikoloni haikuvipenda vijiji hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilipima viwanja Pumwani, kando ya Mto Nairobi, ikawaambia wenye nyumba wa vijiji vya zamani wahamie huko. Manispaa iliweka barabara, maji ya bomba ya pamoja na vyoo vya umma. Nyumba iliwaachia wakazi wenyewe. Hapo ndipo usanifu ulipofanyika.

Walichokijenga kilikuwa nyumba ya Kiswahili, ile unayoweza kuiona Mombasa, Tabora, Ujiji na hata Buyenzi kule Bujumbura. Mbele pana baraza. Ukiingia mlangoni unakutana na ukumbi mrefu unaopita katikati ya nyumba hadi nyuma, na vyumba vimepangwa kulia na kushoto, aghalabu vitatu kila upande. Nyuma kuna uani: mahali pa kupikia, kufulia na kuogea. Kuta ni nguzo na fito zilizokandikwa udongo. Paa, kwa kuwa makuti hayapatikani Nairobi, liliezekwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, na baadaye kwa mabati.

Tazama akili iliyomo. Pwani, nyumba ya namna hii ilikuwa ya jamaa na wageni wao. Nairobi, mji wa watu waliokuja peke yao kutafuta kazi, mpango ule ule uligeuzwa ukawa nyumba ya kupangisha: mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, vingine vinatoa kodi, na kila mpangaji ana mlango wake unaotazama ukumbini. Hakuna anayelazimika kupita chumbani mwa mwenzake. Baraza inawapa wapita njia mahali pa kuketi na kuuza vitu vidogo vidogo. Uani unawapa akina mama faragha na mahali pa kazi. Vijana wa leo wanaposema wanatafuta ‘keja’ Eastlands, chumba kimoja kwenye ploti yenye ukumbi wa pamoja, bomba la pamoja na geti moja, wanatafuta mjukuu wa nyumba hiyo. Mpango umepanda gorofa sita na kuvaa simiti, lakini mifupa ni ile ile.

Na wenye nyumba walikuwa nani? Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home cha mwaka wa 1990, ameonyesha kwamba sehemu kubwa ya wenye nyumba wa Pangani na Pumwani walikuwa wanawake. Ni wanawake waliokuja mjini bila mume wala shamba, wakadunduliza fedha zao, wakamwajiri fundi na kumwelekeza wanavyotaka. Kwa lugha ya leo wangeitwa wawekezaji. Katika kumbukumbu za ujenzi wa Nairobi, majina yao hayamo.

Kitu kimoja walikikosa: umiliki wa ardhi. Nyumba ilikuwa yao, kiwanja kilikuwa cha manispaa. Matokeo yake yalionekana Pangani. Kijiji hicho kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenyeji wake wakaelekezwa kwenye nyumba za manispaa zilizojengwa jirani na Gikomba. Mtaa huo mpya ukaitwa Shauri Moyo. Wazee husimulia kwamba jina lilitokana na uamuzi wenyewe: kuhama au kutohama, hilo ni shauri la moyo wako. Iwe ni hivyo au la, jina hilo limehifadhi uchungu ambao ramani ya manispaa haikuuandika.

Kwa upande mwingine tuna Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa michoro ya ofisi ya manispaa, mafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakiwa miongoni mwa wajenzi. Humo kuna nyumba za mawe za vyumba vichache, paa za vigae, nyasi na miti katikati, na ukumbi wa mikutano ambamo wanasiasa wa enzi ya kupigania uhuru, akiwemo Tom Mboya, walihutubia umma. Ulifuata wazo la Waingereza la mji wa bustani, na mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka wa 1948 ukaendeleza fikra hiyo hiyo ya mitaa iliyojitosheleza. Kaloleni ni mtaa mzuri, nami sitaki kuudunisha. Ila tukumbuke kwamba nyumba zake zilikusudiwa familia ndogo ya baba mwenye ajira. Mwanamke wa Pangani aliyejijengea nyumba na kupangisha vyumba hakuwa na nafasi katika mchoro huo.

Hapa ndipo lugha inapotusaidia. Mwaka wa 1928, mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo. Kimvita, ambacho Muyaka bin Haji alikitungia mashairi yake, kikabaki ‘lahaja’. Je, kilipoteza ustadi wake siku hiyo? Hasha! Kilichobadilika ni kipimo. Kila mwanafunzi wa isimu anajua kwamba lahaja ina sarufi kamili, na kwamba anayeizungumza hakosei. Anafuata kanuni ambazo hazijaandikwa kwenye kitabu cha shule. Nyumba za Majengo nazo ni lahaja ya usanifu. Zina sarufi: baraza, ukumbi, chumba, uani, kwa mpangilio huo. Zina msamiati: nguzo, fito, mwamba, kombamoyo. Zina mabadiliko ya mahali, kama debe lilivyochukua nafasi ya makuti. Tukikubali hoja hii kwa lugha, kwa nini tunaikataa kwa nyumba?

Najua jibu litakalotolewa. Litasema kwamba umaskini si usanifu. Vyumba vimejaa kupita kiasi, mitaro ni michafu, na moto ukizuka hakuna njia. Hoja hii si ya kupuuzwa. Juni 28, 2018, moto wa Gikomba uliua watu 15 usiku. Soko hilo limeungua mara nyingi, na kila mara wafanyabiashara hurudi na mbao na mabati yao wakasimamisha vibanda upya katika muda wa siku chache. Ustadi huo wa kujenga upesi ni wa ajabu, lakini kibanda kinachosimama haraka huteketea haraka vilevile. Anayesifu Gikomba bila kutaja waliokufa anacheza na roho za watu.

Lakini kutambua ubora si kusema kwamba hakuna kasoro. Tuzo ya Usanifu Majengo ya Aga Khan ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1980, mmoja wa washindi ulikuwa mradi wa kuboresha kampung za Jakarta, Indonesia. Hivyo vilikuwa vitongoji vya watu wa kipato cha chini, vilivyojengwa na wakazi wenyewe. Mradi huo ulioanza 1969 haukuvibomoa. Uliwawekea wakazi maji, mitaro na njia za miguu, nyumba zao zikabaki. Majaji waliona kwamba kilichokosekana hapo kilikuwa huduma, si akili ya kujenga. Tuzo hiyo hiyo ilikwenda mwaka wa 2004 kwa shule ya msingi ya kijiji cha Gando, Burkina Faso, iliyojengwa kwa matofali ya udongo na wanakijiji pamoja na kijana wao Francis Kéré. Mwaka wa 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, ambayo ni kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Udongo ule ule tunaouonea haya Pumwani ulimfikisha huko.

Hata karibu nasi mfano upo. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililofunguliwa 1975, lilisanifiwa na Mtanzania Beda Amuli kwa paa la miavuli ya zege inayokinga jua na mvua juu ya wauzaji. Lilipoungua Julai 2021, lilikarabatiwa. Miavuli ya Amuli bado imesimama. Jina la msanifu lilisaidia kulinda jengo. Gikomba na Majengo hazina jina la kuzilinda.

Suala hili si la kinadharia. Mitaa ya zamani ya Eastlands imo katika mipango ya kujengwa upya, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka wa 2024 imeipa kazi hiyo nguvu na fedha. Watu wanahitaji nyumba bora, na wanaozisubiri wana haki. Swali ni nini kitaingia kwenye mchoro mpya. Gorofa isiyo na baraza itamweka wapi mama muuza sukuma wiki? Ploti isiyo na uani itaanika wapi nguo za kaya 60? Mchoraji asiyejua sarufi ya Majengo ataandika sentensi ambayo wakazi hawawezi kuisoma.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa usanifu majengo watumwe Majengo wakazipime na kuzichora nyumba za zamani zilizosalia, na wawahoji wazee walioishi humo, kabla ya tingatinga kufika. Pili, Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inaruhusu jengo kutangazwa kuwa turathi ya taifa. Hata nyumba moja ya udongo ya Pumwani ikilindwa, itakuwa imesema mengi. Tatu, wanaoandaa tuzo waongeze kitengo cha mafundi na wenye nyumba, na katika fomu yao wafute ‘jina la msanifu’ waandike ‘majina ya waliosanifu’. Wingi huo, kisarufi ni kiambishi tu. Kihistoria, ni mlango.

Tukirudi kwenye swali la kichwa cha makala haya, msanifu majengo wa Majengo hakuwa mmoja. Alikuwa mwanamke mwenye akiba, fundi mwenye fito, na mpangaji aliyetaka mlango wake mwenyewe. Walisanifu kwa maana kamili ya neno hilo, kabla hatujalifungia ofisini.