Limba ya Mayombe ndani ya raketi ya ping-pong

Mimi ni seremala, mzaliwa wa Shasha, kando ya Ziwa Kivu, kwenye barabara ya Sake kwenda Minova. Mikono yangu imezoea mikaratusi, grevilea na libuyu. Kijana akiniletea raketi ya ping-pong niitengeneze, sianzi na raba. Natazama ubavu, pale tabaka za mbao zinapoonekana zimelaliana. Seremala akizisoma vizuri atajua ni mti gani uliokatwa, na mara nyingi mti huo ulikatwa Afrika.

Mchezo huu ulizaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, wakubwa wakicheza sebuleni baada ya chakula. Mwanzoni walipiga kwa ubao mtupu au kwa fremu iliyowambwa ngozi. Baadaye ikaja raba yenye vipele, ikabandikwa juu ya ubao, na hali ikabaki hivyo kwa karibu nusu karne. Shirikisho la dunia lilianzishwa mwaka 1926. Mageuzi makubwa yalitokea Bombay mwaka 1952, Mjapani Hiroji Satoh alipotwaa ubingwa wa dunia kwa raketi yenye sponji nene. Mpira ulizama ndani ya sponji na kuruka bila mlio, na wapinzani waliozoea kusikia pigo wakapotea kabisa. Mwaka 1959 sheria zikaweka mpaka: raba pamoja na sponji yake visizidi milimita 4.

Tangu hapo ubao ukapewa kazi mpya. Raba ndiyo inayozungusha mpira, lakini ubao ndio unaoamua mpira ukae juu ya raketi kwa muda gani kabla ya kuondoka, na mkono unahisi nini wakati huo. Wajapani walipenda kipande kimoja kinene cha mti wa hinoki. Ulaya walichagua kugandisha tabaka tano au saba, idadi isiyogawanyika kwa mbili, nyuzi za tabaka moja zikikata nyuzi za jirani yake ili ubao usipinde. Fundi yeyote aliyewahi kununua tripleksi anaijua siri hiyo. Kampuni ya Stiga, iliyoanzishwa Sweden na Stig Hjelmquist, ilijipatia jina kwa mbao za namna hiyo. Kwa ndani, mara nyingi utakuta ayous, mti mwepesi wa misitu ya Kamerun na Afrika Magharibi. Kwa nje, kwenye raketi nyingi za zamani zinazopendwa hadi leo, ni limba.

Hapo moyo wangu husimama, maana limba ni mti wa nchi yetu. Wataalamu huuita Terminalia superba. Una rangi ya manjano hafifu, hukubali randa bila kugoma, na hupinda kidogo kabla ya kukatika. Kwetu Kivu hauoti. Nyumbani kwake ni Mayombe, upande wa pili wa Kongo, karibu na bahari. Wakati wa Wabelgiji mbao zake zilishuka kwa reli ya Tshela hadi bandari ya Boma, zikapakiwa melini kwenda Ulaya. Huko Luki, katika hifadhi iliyowekwa mwaka 1937, watafiti wa kilimo waliipanda limba pamoja na migomba ili msitu uliokatwa urudi. Reli ile iling'olewa mwaka 1984. Mtoto wa Boma au wa Goma anaposhika raketi ya Kizungu, haambiwi na mtu kwamba ngozi ya ubao huo huenda ilitoka nchini kwao.

Baadaye zikaja mbao zenye nyuzi za kaboni, na mabingwa wengi wakazihamia. Hata hivyo sheria inadai angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mti wa asili, kwa hiyo seremala hajafukuzwa mezani. Mpira wenyewe umebadilika: mwaka 2000 ulikua kutoka milimita 38 hadi 40, na kuanzia 2014 seluloidi ikaanza kuachiwa plastiki. Mpira wa leo huenda polepole zaidi na hauzunguki kama ule wa zamani. Wengi husema sababu hiyo inatosha kukimbilia kaboni. Mimi nakataa. Kwa anayejifunza, ubao wa limba unaompa nafasi ya kuuhisi mpira una thamani kubwa kuliko kasi asiyoweza kuitawala, na raba za siku hizi zina nguvu ya kutosha kufidia.

Februari 2024, vita vilipofika Shasha na barabara ikakatika, vijana wengi wa kwetu walikimbia makwao, na raketi walizozipata ukimbizini zilikuwa za mitumba. Basi nawaambia wanangu hivi. Raba kuukuu ibanduliwe taratibu, kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi, la sivyo itaondoka na limba. Laza ubao juu ya kioo; ukiyumba, umepinda. Ugonge kwa kifundo cha kidole: sauti kavu na moja ni dalili njema, mlio wa kupasuka maana yake gundi imeachia ndani. Upime kwenye mizani ya duka. Gramu 80 hadi 90 bila raba zinatosha. Mpini ukilegea, hiyo ni kazi ya dakika chache kwa fundi, usiutupe ubao.

Ukikuta uso wa mti uitwao koto, ambao ni mgumu kuliko limba, mpira utaondoka haraka. Umwachie anayeshambulia akiwa karibu na meza. Mwenye kusimama mbali na kupiga kwa nguvu achukue tabaka saba. Wewe unayeanza, chukua tabaka tano zenye limba nje, ubandike raba mpya isiyo nene sana, na usibadilishe raketi hiyo mpaka mkono wako uijue.