Daftari ya madeni

Mwaka 1994, kule Uvira, ajenti wa kodi aliingia kwenye kaduka ka mama. Kaduka yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Aliangalia patanti, haikukuwa na shida. Kisha akavuta daftari ya madeni chini ya mezani, akaanza kusoma kwa sauti mbele ya batu: fulani, sukari kilo mbili, fulani, sabuni, tangu mwezi uliopita. Mmoja wao alikuwa mwalimu wangu, na alikuwa amesimama pale pale. Hakurudia tena kwetu, na ile deni hakuilipa.

Jioni mama alisema: "Patanti ni ya Leta. Madeni ni siri ya batu." Nyanya, aliyeishi Usumbura zamani (ndio Bujumbura ya leo), akamwambia: "Afazali yako, mwanangu, alitafuta sukari. Sisi walitafuta mwanaume."

Nilielewa hayo nikiwa iniversite. Wabelgiji walitoza kodi ya pekee kwa wanawake wa mijini, Usumbura na hata Stanleyville, ndio Kisangani. Makaratasi yao iliwaita wanawake "wanaoishi peke yao kinadharia". Hilo neno "kinadharia" njo lilibeba matusi yote. Mwenye bwana aliyeandikwa hakulipa. Mjane, mwenye kuachwa, na mke wa pili ambaye serikali haikumtambua, hao njo walilipa. Sasa karani angejua namna gani nani yuko peke yake? Lazima aulize mambo ya ndani ya nyumba. Mama mwenye kutafuta maisha kwa kuuza chakula hakuulizwa kwanza amepata faranga ngapi. Aliulizwa analala na nani.

Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Usumbura, wanawake Waislamu walikataa, miaka ya mwisho ya 1950. Watu wanafikiri walikataa kutoa pesa. Mimi naona jina liliwauma zaidi: kulipa ile kodi ilikuwa kama kukubali kwamba wewe ni malaya, na wengi walikuwa wajane wenye heshima yao.

Sheria ya leo, namba 004/2003 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2003, inamufunga ajenti kushika siri ya kazi, na mbele ya kukagua vitabu vya hesabu lazima alete barua ya kujulisha. Nzuri. Lakini iko kwa Kifaransa, na imefikiria kampuni yenye ofisi na kontabule. Mama yangu hakuwa na kitabu cha hesabu. Alikuwa na daftari ya shule ya kurasa 48.

Tangu ile siku hakuandika jina tena. Baada ya kifo chake niliifungua: "mutu wa baiskeli", "mama ya mapacha", "ule wa kikohozi". Kuko bado deni saba. Sijui hata moja ni ya nani.